Njia za Panya za Kuliokoa Ziwa Eyasi

Umepewa kazi, au umejipa mwenyewe: kuandaa upembuzi yakinifu wa kuliokoa Ziwa Eyasi. Hongera. Sogea karibu nikunong'oneze, maana haya hutayasikia kwenye semina elekezi. Kazi hii inaweza kula miaka 15 na mabilioni ya shilingi, ikaishia kuwa kabrasha zito ambalo kila ofisi inalo na hakuna aliyelifungua. Inaweza pia kumalizika kwa kiangazi kimoja, kwa gari la kukodi na rimu mbili za karatasi, ukarudi na jibu ambalo mfugaji wa Meatu na mkulima wa vitunguu wa Mang'ola watalielewa wote. Nataka ufanye hii ya pili. Ili uifanye itabidi uibe, ubembeleze, ukwepe vikao, na uwe tayari kushindwa mapema. Nitakuonyesha jinsi ya kufanya yote hayo bila kumwonea mtu.

1. Pita pale maji yanapopita

Ukianza na ramani ya utawala umekwisha. Eyasi limegawanywa na mikoa minne: Singida kwa upande wa Mkalama, Simiyu kwa Meatu, Arusha kwa Karatu na Manyara kwa Mbulu. Mkalama yenyewe ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipozaliwa, kwa hiyo mipaka unayotaka kuiheshimu ni michanga kuliko mibuyu yote utakayoiona njiani.

Nenda ukasimame kwenye Daraja la Sibiti. Huku Mkalama, kule Meatu, na chini yako unapita Mto Sibiti, unaotoa maji Ziwa Kitangiri kuyapeleka Eyasi. Kitangiri nalo linajazwa na Mto Wembere pamoja na Manonga, na hapo umeshaingia Tabora na Shinyanga. Mvua iliyonyesha Nzega inaishia kwenye chumvi ya Eyasi. Mikoa minne imekuwa sita, na hujatoka darajani.

Sasa sikiliza mbinu. Ukianza kuomba barua ya utambulisho kwa makatibu tawala wa mikoa sita, utazeeka kwenye mabenchi. Anza na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo makao yake yako Singida mjini. Mamlaka yake yanafuata maji, hayafuati mikoa. Barua moja ya Bodi ina miguu mirefu kuliko barua sita za wakuu, na ukiwa nayo mkononi wakuu wenyewe watataka kuonekana wamekupokea.

2. Iba, lakini iba kwa adabu

Hadidu za rejea zitakutaka ukusanye takwimu za msingi. Usikusanye ambacho mwingine alishakusanya kwa fedha nyingi kuliko utakazopata wewe maisha yako yote.

Anza angani. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kijana mmoja wa chuo, kompyuta moja na wiki mbili za utulivu vinatosha kukuchorea ukingo wa Eyasi mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Mshauri mwelekezi mwenye suti angekutoza hayo kama utafiti mpya.

Kisha shuka chini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, linakatiza nyika ya Wembere. Halikupata kibali cha mazingira bila tathmini, na tathmini hiyo ina sura za udongo, mito, ndege na watu wa eneo unalolitaka. Ichukue. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, nalo limekuwa likitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, limelichunguza kwa ndege na kuchimba visima vifupi. Wao walitaka kujua kama chini kuna mafuta. Wewe unataka kujua matope yamelaliana vipi. Waandikie barua ya heshima uombe wakupe wasichokihitaji.

Wazungu wa zamani nao waibie. Otto Baumann alifika Eyasi mwaka 1892. Erich Obst alizunguka Isanzu na Eyasi mwaka 1911. Ludwig Kohl-Larsen aliokota vipande vya fuvu la binadamu wa kale kwenye sakafu ya ziwa mwaka 1935. Sakafu, ndugu yangu! Ili uokote fuvu pale, maji yawe yamekwenda mbali. Hicho ni kipimo cha miaka 90 iliyopita, na hakuna aliyekulipisha.

Lakini hazina kubwa kuliko zote iko vijijini, na hapo ndipo adabu inapohitajika. Vijana wa Kisukuma walikuwa wakifunga safari kwa miguu hadi Eyasi kufuata chumvi, safari iliyokuwa pia jando la ujasiri, na wana nyimbo zake hadi leo. Mtafute mzee aliyesimuliwa na baba yake walikuta chumvi wapi, na walitembea muda gani kutoka majabali hadi kwenye maji. Nenda Munguli, kwa Wahadzabe, uulize wanyama walikuwa wakinywea upande gani. Nenda kwa Wataturu uulize ng'ombe waligoma kuvuka mwaka gani. Andika majina yao kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, juu ya jina lako, na wapelekee nakala. Mtafiti aliyewapiga picha akatokomea wamemwona mara nyingi, na wanamkumbuka.

3. Hakikisha mgonjwa anaumwa

Hatua hii wengi huiruka kwa sababu ikijibiwa vibaya posho inakatika. Usiiruke.

Eyasi halina mlango wa kutokea. Kinachoingia ni mvua, mito na chemchemi. Kinachotoka kinatoka kwa jua peke yake, na chumvi na magadi hubaki nyuma. Ni ziwa lenye kina kifupi sana juu ya sakafu tambarare, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu, ukingo unarudi nyuma kwa kilomita. Mgeni akifika Oktoba anaona jangwa jeupe, anapiga picha, anatangaza msiba. Tembea juu ya weupe huo ujionee: gamba linakatika chini ya kiatu kwa sauti kavu, na hatua ya tatu mguu unazama kwenye tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Maji hayako mbali. Mwaka wa mvua kubwa yanarudi na samaki wanavuliwa, na mwaka wa ukame wakwanguaji wa chumvi ndio wanaovuna palepale.

Kwa hiyo ziwa linalokauka na kurudi si lazima liwe linakufa. Swali lako ni jingine: je, siku hizi likirudi linarudi dogo kuliko lilivyokuwa likirudi zamani, wakati mvua ni ileile? Weka zile picha za Landsat kando ya takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mvua ikiwa imepungua pamoja na ziwa, ugonjwa uko angani na dawa yako ni kuwasaidia watu wazoee. Mvua ikiwa ileile na ziwa limepungua, kuna mtu njiani anakunywa. Sasa una kazi.

Na uliza mapema: limepungua kwa nani? Mvuvi na mkwanguaji chumvi hawaombi dua moja. Ukiandika "wananchi wanataka maji yarudi" bila kumtaja yule ambaye maji yakirudi anapoteza mtaji wake, umeandika uongo, na atakungoja kwenye mkutano wa hadhara.

4. Ua ndoto ya bomba kubwa siku ya kwanza

Atakuja mtu na kalamu nyekundu, achore mstari kutoka Ziwa Victoria hadi Eyasi. Ataonekana mwerevu. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Eyasi karibu mita 1,030. Kwa macho ya karatasi maji yatateremka yenyewe. Wajerumani waliota ndoto hiyo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, wakitaka kuimwagilia nyika ya Wembere walime pamba. Waingereza wakairithi. Baada ya uhuru ikawa inatajwa kila yanapozungumzwa maji ya Mto Nile. Zaidi ya miaka 100, na hakuna tone lililofika kwa njia hiyo, maana katikati kuna mwinuko unaozitenganisha nchi hizo mbili za maji, na zaidi ya mwinuko kuna hesabu.

Mfanyie hesabu mbele ya watu, polepole. Katika nyanda kame kama hizi jua linaweza kunyanyua karibu mita 2 za maji kwa mwaka. Eyasi likijaa lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 1,000. Hiyo ni mita za ujazo bilioni 2 kila mwaka za kulitunza tu. Chanzo cha Ihelele, Misungwi, kinachopeleka maji ya Victoria Shinyanga na Kahama, kilijengwa kikiwa na uwezo wa mita za ujazo 80,000 kwa siku, yaani kama milioni 29 kwa mwaka. Ungehitaji miradi ya namna hiyo karibu 70, ikifanya kazi usiku na mchana, na Mtanzania hata mmoja asinywe kikombe. Bomba hilo limeshafika Igunga, mlangoni pa Wembere, na limefika kwa ajili ya ndoo za akina mama. Atakayesimama kwenye kijiji chenye kiu kupendekeza limwagwe kwenye chumvi, msindikize kwenye gari lake.

Bado hujagusa Nile. Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka Misri iridhie kwanza kila kazi ya kuchota kwenye mto na maziwa yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alizitaarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi nao, na alikuwa sahihi. Lakini Tanzania yenyewe ilitia saini mkataba wa ushirikiano wa Bonde la Nile huko Entebbe mwaka 2010, ulioanza kutumika Oktoba 2024, na kuhamisha maji ya Victoria nje ya bonde lake ni jambo la kujadiliana na majirani. Huo ni uvukaji wa mipaka usiouweza wewe na gari lako la kukodi.

Akikaidi, mtajie Bahari ya Chumvi. Mwaka 2005 Israeli, Yordani na Mamlaka ya Palestina ziliiomba Benki ya Dunia isimamie upembuzi yakinifu wa kuvuta maji kutoka Bahari ya Shamu. Wataalamu wakaandika, gharama ikatajwa karibu dola bilioni 10, saini zikatiwa 2013, na mwaka 2021 Yordani ikaachana na mradi huo. Muda wote huo Bahari ya Chumvi ilikuwa ikishuka mita moja na zaidi kila mwaka.

5. Mfuate anayekunywa

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo pa kukaa muda mrefu.

Ukimuuliza mkulima anatumia maji kiasi gani, atakuambia kidogo. Wewe ungesema hivyohivyo. Kwa hiyo usimuulize. Kaa na mtu wa geti la ushuru wa mazao. Halmashauri inahesabu kila gunia la kitunguu linalotoka Mang'ola, kwa sababu kila gunia ni fedha yake. Magunia yanakupa eka, eka zinakupa maji. Kumbuka kuongeza lumbesa, maana gunia la vitunguu lililosukwa kilemba juu si gunia moja. Mwenye pampu muulize anatumia lita ngapi za dizeli kwa wiki; hilo atakujibu kwa kirefu, tena kwa uchungu, na dizeli ukiilinganisha na ukubwa wa pampu umeshapata maji yake. Upande wa Shelui na Igunga hesabu majaruba ya mpunga kwa picha ya setilaiti ya mwezi Machi, yanapong'aa kijani.

Usimgeuze mkulima huyo kuwa mwizi. Maji ya chemchemi za Qangded kule Mang'ola yamesomesha watoto na kujenga nyumba za bati. Anachokosa ni kibali chenye kiasi kilichopimwa na jirani wa chini anayemjua kwa sura. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inampa vyote viwili: kibali cha Bodi na jumuiya ya watumia maji. Tatizo ni kwamba jumuiya ya juu na ya chini hazijawahi kunywa chai pamoja. Katika bajeti yako weka basi dogo. Wapeleke watu wa Mang'ola wakaione Sibiti mwezi Oktoba, na watu wa Mkalama wakaione mifereji ya vitunguu. Nauli hiyo itafanya kazi kuliko warsha kumi.

Matope nayo yanakunywa. Miteremko iliyokatwa miti kwa mkaa na kukanyagwa na ng'ombe inateremsha udongo hadi Kitangiri, na ziwa lililojaa udongo linatandaza maji yake mapana na membamba ili jua liyamalize upesi. Pima kina cha Kitangiri kwa mtumbwi na mti ulioandikwa alama. Mvuvi wa perege atakuongoza, naye anajua kasia lake linagota wapi ambapo la baba yake halikugota.

6. Walishe wenye vyeo majina yao

Kila mkubwa anataka kuacha jina. Usipambane na hilo, litumie.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Swali kwa Eyasi: mita 60 kutoka wapi, wakati ukingo unatembea kilomita kati ya Aprili na Oktoba? Waombe wazee wa kila kijiji waonyeshe maji yalikofika mwaka wa mvua kubwa ya El Nino ya 1997 na 1998, linganisha na picha za angani, halafu pigeni vigingi vya zege. Kila kigingi mpe kiongozi mmoja akizindue, na jina lake lichorwe pale kwa herufi kubwa. Mkuu wa wilaya mwenye jina kwenye kigingi atauliza kila mwaka kama bado kimesimama. Anayeng'oa kigingi kitupu ni mvamizi. Anayeng'oa jina la Mheshimiwa atajibu kwa Mheshimiwa mwenyewe.

Weka pia kipimio cha kina cha maji pale Sibiti, nacho kipe sherehe kubwa kuliko zote, mgeni rasmi, ngoma na kila kitu. Ni fimbo tu yenye namba, lakini bila kusomwa kila siku kwa miaka hakuna upembuzi wowote wenye maana. Msomaji wake awe wa kijiji cha jirani, alipwe kila mwezi bila kuchelewa, na daftari lake lipigwe picha kwa simu kila Ijumaa.

7. Shindwa vizuri

Andika ukurasa wa kushindwa kabla ya ukurasa wa mafanikio. Sema wazi: tukikuta mvua ndiyo iliyopungua, tunaacha kuhangaika na ziwa zima; tukikuta gharama ya kila mita ya ujazo inazidi thamani ya kile inachokiokoa, tunaacha. Wasainishe wakuu wote kwenye ukurasa huo siku ya kwanza, wakiwa na furaha. Jibu la "haiwezekani" lililopatikana mapema limeokoa fedha za visima vya vijiji vingapi? Nalo ni jibu kamili, lipeleke kifua mbele.

Liko pia jibu la kati. Kazakhstan haikuweza kuiokoa Bahari ya Aral yote, kwa hiyo mwaka 2005 ikamaliza bwawa la Kokaral na kuokoa sehemu ya kaskazini peke yake. Maji yakapanda upesi kuliko walivyotarajia, na samaki wakarudi. Kwetu, watakaopenda mfano huo watataka kufunga mdomo wa Kitangiri ili maji yabaki Singida. Hapo kuwa mkali. Kitangiri likifungwa, Iramba watakula samaki na Sibiti itakauka, na Wahadzabe na wafugaji wa chini ndio watakaolipa. Sehemu ya kuokoa kwanza, kwa maoni yangu, ni mtiririko wa Sibiti wenyewe: kiasi fulani cha maji kinachoachwa kipite kila mwezi, kilichoandikwa kwenye vibali vya wote walio juu.

8. Kabidhi kwa wakati

Ripoti iwe kurasa 20, kwa Kiswahili, na ramani moja ya kubandika ukutani. Isome kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kuipeleka wizarani, upande wa Mkalama na upande wa Meatu siku moja baada ya nyingine, ili asiwepo atakayesema wa ng'ambo walitangulia kujua. Kisha ifikishe kwenye halmashauri zote kabla ya Krismasi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, lakini madiwani hupitisha makisio mwanzoni mwa mwaka. Ripoti ikifika Aprili itakuta meza imeshafutwa. Desemba afisa mipango bado anatafuta cha kuandika kwenye mstari wa mazingira. Mkute akiwa na kalamu mkononi, mpe mistari mitatu iliyokwisha kupigiwa hesabu: mshahara wa msomaji wa kipimio, mafuta ya basi dogo la jumuiya, na saruji ya vigingi.